Upande wa Kushoto

"Maneno ya mume wangu yakae kushoto, yangu kulia," Bi Sikudhani alimwambia Tabu, mchapaji wa stesheneri. "Nataka yatazamane."

Tabu akachora jedwali kwenye kompyuta, naye Bi Sikudhani akaanza kulighani shairi zima kutoka kichwani, kwa sauti ya chini. Ndivyo walivyolitunga yeye na Masudi: mume akinyoa ndevu hutupa nusu ya mstari, mke akikanda unga huidaka na kuimalizia.

Wakafika mstari wa mwisho, ule ambao Masudi aliusemea mlangoni, begi begani.

"Nikirudi nikukute," Bi Sikudhani akasema.

Tabu akachapa, akangoja. "Na wewe ulimjibu nini, mama?"

"Nilimwambia nitamjibu akirudi."

 Tabu alipogeukia kompyuta akaona amekosea kisanduku. "Samahani, mama. Maneno ya mzee nimeyaweka upande wako. Nayarudisha sasa hivi."

"Usiyaguse!"

Bi Sikudhani alisogeza kiti mpaka karibu kabisa, akakigusa kioo kwa kidole. Pale kulia, chini ya maneno yake mwenyewe, Masudi alikuwa amehamia. Kushoto kilibaki kisanduku kitupu.

"Basi nipeleke mimi kwake," akasema.

Tabu akabofya. Kishale kikasimama kushoto, kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika, huku Bi Sikudhani akijitanda khanga yake vizuri, kama mtu anayetoka.