Bunduki ya Marehemu

Siku ya mwisho ya kusalimisha silaha, Bi Mwanakheri aliipeleka kituoni bunduki ya marehemu mumewe, iliyotundikwa juu ya mlango miaka ishirini, ikiwa imefungwa kwa kanga.

"Nchi jirani walizikusanya zote, mauaji yakapungua," askari alimwambia.

"Kwa akina shemeji yangu walikusanya pia, mwanangu. Sasa wanauana kwa mapanga."

Askari akachungulia mtutu. Ulikuwa umezibwa na kiota cha nyigu kilichokauka zamani.

"Hii isingeua hata panya, mama."

"Mbona mtaa mzima tulikuwa tunalala milango wazi kwa ajili yake?"

Askari akaiandika bunduki daftarini.

Jioni, Bi Mwanakheri aliufunga mchi kwa kanga ile ile, akautundika kwenye msumari ule ule juu ya mlango. Mkono wake ukabaki kwenye komeo, asijue alifunge au aliache.