Swichi ya Kona

Taa nyekundu iliwaka tena, na Sindano akauma mdomo.

Alibonyeza kitufe cha kuanza upya. Mashine ya kuchonga mbao ikaguna, mkono wake wa chuma ukatetemeka, kisha kimya. Ilipaswa kutambaa polepole hadi kwenye kona yake, iguse swichi, bodi yake ya umeme ijue mkono uko wapi, ndipo kazi ianze. Haikusogea hata upana wa unywele.

Chini ya ncha yake kulilala kifuniko kifupi cha mbao. Ua lilikuwa limechongwa nusu.

Mlangoni, bosi wa karakana alikuwa amempima kwa macho, kuanzia viatu hadi vidole vyake vyembamba. "Nimeomba fundi wa bodi, wameniletea sindano?"

"Ndivyo wanavyoniita kazini, bosi. Lakini kuku hajawahi kuimeza."

Bosi alitaka kucheka, akajizuia. "Ni jeneza la mtoto," alisema. "Wazee wanataka ubao mtupu, tumalize. Mama mtu amekataa. Anataka ua lile la kitanda cha mtoto, alilokuwa akilifuata kwa kidole hadi alale. Bila ua hilo, mtoto hatoki." Akashusha sauti. "Ndani utamkuta mwendesha mashine wangu. Nilimwambia abaki nyumbani, hakusikia. Usimsemeshe sana."

Sindano alijiandaa kukutana na mtu wa kununa. Hakumkuta. Mwendesha mashine alikuwa dada mmoja; alimshikia tochi bila kuombwa. Akihitaji bisibisi, alikuta imeshanyooshwa mbele yake, kila mara kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliukunja ngumi, akaubana kifuani.

"Umeumia, dada?"

"Umekakamaa tu, mdogo wangu. Endelea."

Alipima umeme: upo. Fyuzi: nzima. Akachomoa bodi, akaipiga brashi, akairudisha. Nyekundu. Akatoa bodi ya akiba aliyokuja nayo, mpya kabisa, bado inanukia kiwanda. Nyekundu.

"Bodi mbili haziwezi kufa kifo kimoja," alinong'ona. "Labda ile swichi ya kona."

"Huko nimeshaangalia. Iko salama. Hebu rudia umeme."

Akarudia umeme. Mashine ni kama ng'ombe: anayemkamua kila siku ndiye ajuaye teke lake. Mgeni ni nani hata abishe?

Nje watu wa msiba walikohoa. Viti vya plastiki vililia juu ya sakafu. Mtu aliuliza jambo kwa sauti, akanyamazishwa.

Sindano alijifuta jasho kwa kiwiko. "Namwonea huruma huyo mama. Msiba wenyewe haujamtosha, bado mashine nayo imgomee."

"Yeye hana haraka," dada alisema.

"Unamfahamu?"

Dada aliusogeza mwanga wa tochi hadi juu ya kifuniko. "Ua hili nililichora mimi," alijibu, kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa. "Zimebaki petali mbili. Zikiisha, misumari."

Sindano akarudi kwenye kazi yake. Pengine angeendelea kupima umeme mpaka jioni. Lakini parafujo ilimponyoka, ikadunda, ikabingirika chini ya mashine hadi kule pembeni. Akaifuata kwa magoti.

Palipopaswa kuwa na swichi ya kona palikuwa na matundu mawili ya parafujo, safi, hayana hata chembe ya vumbi la mbao. Kando yake soketi ya waya wa swichi ilining'inia tupu. Haikuvunjika wala kukatika. Swichi ilikuwa imechomolewa taratibu, kwa mkono unaojua.

Akatoka huku akijigonga kichwa. "Dada, mbona huku..."

Mlango ukafunguka. Bosi aliingia, kofia mkononi. Hakumtazama Sindano, wala hakuulizia mashine.

"Mama," alimwambia yule dada, kwa sauti ambayo Sindano hakudhani mtu yule anayo. "Ndugu zako wanauliza kama mwanao tutamzika leo."

Dada alikuwa akilitazama ua. Kati ya vidole vya ile ngumi ulichungulia mkia wa waya mwekundu.

Sindano aliinama, akaokota bisibisi zake moja moja, akafunga sanduku.

"Bodi imeungua, bosi," alisema. "Leo haiamki."