Gogo la Mama Perege

Kiboko alitaka watoto wake wapate bwawa safi la kuogelea, akaanza kung'oa magogo na matete yote. Akafika kwenye gogo alipoishi Perege, samaki anayelea watoto wake mdomoni.

"Jirani, nikiliondoa hili una neno?"

Perege hakujibu. Angefungua mdomo, watoto wangemwagika, na Korongo alikuwa anachungulia ukingoni.

"Aliyenyamaza amekubali," alisema Kiboko. Akalisukuma gogo nchi kavu, kisha akarudi majini, akapiga mwayo wa uchovu.

Korongo akaingia majini. Perege, akiwa hana pa kujificha, alikimbilia kinywa kikubwa cha Kiboko kilichoachama, akawatema watoto humo, akajibanza chini ya kidevu.

"Funga! Sasa naweza kusema. Rudisha gogo langu, na usithubutu kumeza mate."

Kiboko hakuweza kubisha wala kula. Alilirudisha gogo kwa pua, taratibu, akafungua mdomo kivulini mwake. Watoto wakatoka wote, Korongo akaenda zake na njaa.

Tangu hapo watoto wa Kiboko huogelea katikati ya bwawa, wa Perege hukua pembeni. Naye Kiboko akimuuliza mtu jambo, husubiri jibu, kwani asiyesema huenda amebeba kitu mdomoni.