Uyoga Shingoni mwa Charlotte

Bénédicte alivuka ua kama anayekwenda kupigana, akamwaga kapu zima la uyoga mkavu miguuni mwa jirani yake Micheline.

"Chukua sumu yako! Umemulisha mutoto wangu buyoga, sasa angalia shingo yake!"

Micheline aliacha kufua, akamtazama Charlotte aliyesimama nyuma ya mama yake. Shingoni mwa msichana palikuwa na alama mbili za duara, ukingo mwekundu umeinuka na kuota magamba madogomadogo, katikati ngozi safi. Ya tatu ilikuwa inaanza shavuni.

"Mama Charlotte, ile ni choa. Héritier wangu alipata vile vile ku mukono. Tulimupakaa dawa, ikaisha."

"Munganga mwenyewe amesema! Charlotte, sema!"

"Amesema ni champignon," Charlotte akajibu, macho chini.

Champignon ni uyoga, kila anayekwenda sokoni Bunia anajua. Siku ile zahanati, Bénédicte hakuingia kwa mganga. Alibaki nje kwenye benchi na umati, na binti yake ndiye aliyemtolea neno hilo pamoja na maelezo: aache kula uyoga, alama zitaondoka zenyewe.

"Champignon ya ngozi si champignon ya sahani," Micheline alisema.

"Weye ni munganga?" Bénédicte alisonya, akageuka.

Hasira hasara, lakini nani angemwambia? Baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, watu wa Bruce, aliyemposa Charlotte, walikuwa waje kutoka Mahagi kumwona msichana. Tangu familia ikimbie vita vya Djugu na kupanga vyumba hapa mtaa wa Shari, posa hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya kwanza, na Bénédicte aliishika kwa meno. Bruce alikuwa na malori na duka. Alikwisha sema kwamba mke wa kukaa dukani hana haja ya kumaliza masomo. Bénédicte aliitikia kabla hajamaliza sentensi. Charlotte hakuulizwa.

Uyoga ukapigwa marufuku nyumbani. Alama zikazidi kutanuka.

Bénédicte akanunua sokoni krimu ya kung'arisha ngozi, ile ambayo muuzaji huapa kwamba inatibu kila kitu. Mwanzoni wekundu ulififia, muwasho ukatulia, mama akapiga magoti kumshukuru Mungu. Kisha duara zikarudi pana kuliko mwanzo, na ya shavuni ikafika karibu na mdomo. Charlotte alikubali kupakwa kila jioni bila kunung'unika hata kidogo, jambo ambalo lingemshangaza mama asiye na haraka.

"Ni ule mwanamuke," Bénédicte alisema kwa chuki. "Ana wivu juu batoto yake hawajaolewa."

Jumamosi ilipofika alimpaka binti poda usoni na kumfunga kitambaa cha foulard shingoni mpaka kidevuni. La kuvunda halina ubani, lakini kwa mbali msichana alipendeza. Gari likaingia na Bruce na watu wake. Chantal, shangazi yake Bruce, akashuka wa kwanza, akaangalia nyumba kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Charlotte akaleta sinia la soda, akapiga goti mbele ya wageni. Halafu akalegeza foulard, akaivua na kujifutia jasho usoni. Poda yote ikaenda nayo.

"Jua kali," alisema kwa upole.

Chantal aliruka kitini. "Hii nini? Ukoma?"

"Hapana, mama!" Bénédicte alipiga kelele. "Ni buyoga tu! Munganga amesema ni buyoga!"

"Buyoga inaota ku shingo ya mutu?" Chantal hakugusa soda. "Weye unatufanya bapumbavu? Unataka kumupa mutoto wetu ugonjwa kwa kitanda! Bruce, simama. Tulikuja kutafuta bibi, hatukukuja kuvuna buyoga."

Bruce akasimama, akaondoka bila hata kuaga. Gari likatimua vumbi.

Bénédicte alikimbilia mlangoni kwa Micheline, akapiga bati kwa ngumi zote mbili. "Umeniulia ndoa! Wote bamerudi! Mungu akulipe!" Alipiga hadi mikono ikamuuma, na jirani hakufungua. Akarudi nyuma ya nyumba akilia kwa sauti.

Charlotte alikuwa ameketi kwenye gogo. Alikuwa amenawa uso na shingo kwa sabuni, sasa anajikausha taratibu kwa kitambaa safi. Alichomoa tyubu ya dawa kwenye karatasi ya zahanati, akaitoboa, akaanza kupaka alama ya kwanza, ndani yote mpaka nje kidogo ya ukingo.

"Usilie, mama," alisema. "Munganga alisema nipakae mwezi muzima, hata kama alama imeisha mbele ya mwezi. Ninaanza leo."