Litakuja Kwenye Mengineyo

Kiboko aliwahi kuwafungia wanyama wadogo njia ya mtoni. Wakaunda chama cha haki, wakapambana mpaka ikafunguliwa. Tangu hapo, kila mwaka hukutana kusoma historia ya ushindi huo.

Safari hii Digidigi aliingia kikaoni mbio, akihema. "Mwenyekiti, Kiboko anaziba njia kwa miiba!"

"Tulia, bwana mdogo," alisema Nungunungu, mwenyekiti. "Bado tuko kwenye historia. Hilo litakuja mwishoni, kwenye mengineyo."

Digidigi hakukaa. Kobe, katibu, akasoma ukurasa kwa ukurasa mpaka makoo yakawakauka wote.

Walipokwenda kunywa, miiba ilikuwa imewapita vichwa.

"Fungua! Ni haki yetu!"

"Kikao chenu nilikisikia hadi huku," alijibu Kiboko, akizama majini. "Hilo litakuja kwenye mengineyo."