Barua ya Binti

"Hodi!" Mwanamke mgeni alimkuta Tunu akikariri msamiati. Sehemu ya lugha ndiyo iliyomwangusha katika mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, na sasa angeurudia.

"Mwanangu, nisomee barua ya binti yangu."

Tunu akasoma mbio.

"Polepole! Unafukuzwa na nyuki?"

Akarudia. Safari hii aliona binti ameandika "sijambo" mara tatu, na mumewe hakumtaja kabisa.

"Aliyesoma ndiye hujibu," mgeni alisema, machozi yakimlengalenga. "Ngoja nitafute maneno. Nitakuja Jumamosi asubuhi, kabla gari la posta halijaondoka."

"Karibu, mama," Tunu aliahidi, akasahau kwamba ndiyo siku ya mtihani.

Jumamosi, kengele ya mtihani ililia ng'ambo ya barabara. Tunu, mgeni akiwa kando yake, hakuinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Aliandika polepole maneno ya mama huyo: "Mwanangu, rudi nyumbani."