Kiti cha Mtu Mmoja

Keria ya pikipiki ilipodondoka chini, Rukaiya alishika mdomo. Ndiyo keria iliyobeba madumu ya maji ya nyumba nzima, na mumewe, Twahiru, alikuwa ameikata kwa msumeno mchana kweupe, tena huku anapiga mluzi.

"Mama anauliza," Rukaiya alisema, "maji yatabebwa na nini?"

"Mwambie mama fremu imeoza. Naitengeneza upya."

Mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo uani, akipepeta mtama, na kila neno alilisikia. Lakini heshima ya mwanamume na mama mkwe wake haikuwaruhusu kusemezana uso kwa uso, kwa hiyo Rukaiya aligeuka, akamfikishia mama yake jibu lile lile. Mama aliguna.

Uongo mtupu. Fremu ya Honda ile kuukuu ilikuwa nzima kuliko ndoa nyingi za Newala. Twahiru alikuwa anaigeuza kuwa kafe resa, mtindo alioupenda kwenye simu: usukani wa chini, tangi refu, kiti kifupi chenye kinundu kwa nyuma, pikipiki isiyopakia abiria wala dumu wala gunia la mtu. Oscar, rafiki yake mwenye gereji Masasi, alikuwa amemwahidi kazi kwa sharti moja: aje amepanda kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Kama hana, asijisumbue kuja.

Na kuondoka alitaka, jamani. Alipooa alihamia kwa kina mkewe kama ilivyo desturi, akitokea Chiungutwa na begi lake. Tangu hapo maisha yake yakawa kupalilia mikorosho ya mama mkwe, kufuata maji ya mama mkwe, kumpeleka mama mkwe misibani. Rukaiya alipoomba wahamie Masasi, mama alisema binti yake hatoki kwenye ua huu. Kwenda kupanda gari stendi nako hakukufaa: bodaboda wote pale walikuwa shemeji zake, na habari za begi lake zingefika nyumbani kabla hajakata tiketi. Kwa hiyo angetangulia yeye, Rukaiya angemfuata baadaye. Ndivyo alivyojiambia, na siku nyingine aliamini.

Kikwazo kilikuwa Mzee Abdulkadiri, baba mkwe. Tangu keria ikatwe, mzee hakubanduka. Alisogeza kigoda chake mpaka karibu na pikipiki, akakaa kama askari wa zamu. Twahiru hakuwa na shaka ni nani aliyemtuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Hicho kiti umekifanya cha mtu mmoja?"

"Ndiyo, baba. Ni mtindo."

"Vizuri," mzee alisema. "Wawili wanaelemea."

Kila siku alikuja na swali. Gia ni zile zile za zamani? Breki zinashika kwenye mteremko? Twahiru alijibu kwa sauti ya mtu anayehojiwa kituoni. Mwishowe akaona heri amtumie: akamwomba apande aishikilie pikipiki, ili yeye apime usukani akiwa mbele. Ukakaa sawasawa na mikono mirefu ya mzee. Kwa Twahiru mwenyewe ulikuwa mbali kidogo, lakini alijisemea atazoea.

"Mimi nilikuja hapa kwa msimu mmoja tu wa korosho," mzee alisema siku hiyo, bado yuko juu ya kiti. "Nikaonyeshwa binti."

Twahiru alicheka kwa adabu. Mzee hakucheka.

Hofu yenyewe ilikuja tangi lilipokwisha kupakwa rangi ya kijani. Mzee aliligonga kwa kidole, akauliza kwa upole, "Likijaa hili, linafika Masasi?"

Amenibaini, Twahiru aliwaza. "Linafika, baba. Lakini nani anakwenda Masasi?"

"Nauliza tu, mkwe."

Twahiru hakungoja zaidi. Jumamosi hiyo wanawake walikwenda kumtoa mwali wa jirani, na ngoma ilisikika mtaa mzima. Alijaza tangi mafuta, akapiga kiki. Injini ilinguruma vizuri mpaka machozi yakamlenga. Mzee alikuwepo kama kawaida, ila leo amevaa viatu vya kamba. Bila shaka naye alikuwa anakwenda ngomani.

"Baba, naijaribu mpaka sokoni tu," Twahiru alidanganya. "Naomba uniangalizie, nichukue shati."

"Usiwe na wasiwasi."

Shati lilikuwa begi, alilolificha uvunguni. Alilivuta, akasimama mbele ya kanga za Rukaiya zilizoning'inia ukutani, moyo ukamuuma, akajikaza. Nje mlio wa injini ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Mzee anaipasha moto, alifikiri, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Kisha mlio ukaanza kwenda mbali.

Alitoka mbio, begi mkononi. Uani kulikuwa na moshi tu. Rukaiya na mama yake ndiyo kwanza walikuwa wanaingia.

"Tumepishana na baba," Rukaiya alisema, ameduwaa. "Kainamia usukani, anaishika barabara ya Masasi. Tumemwita, hata hakugeuka."

Mama mkwe aliitazama barabara kwa muda mrefu. Kisha akalitazama begi, akalichukua taratibu kutoka mkononi mwa Twahiru, akampa binti yake.

"Mwambie mumeo," alisema, "jembe la baba yako liko nyuma ya mlango."